Washauri Nasaha Wenye Vituo Vyao Waunde Chama

Ukipita Ngong Road, au ukipanda ngazi za majengo ya ofisi pale Ngara, Westlands na katikati ya Nakuru, utaona vibao vidogo milangoni: ushauri nasaha, tiba ya familia, huduma za saikolojia. Miaka ishirini iliyopita vibao hivi vilikuwa adimu. Leo nyuma ya kila kimoja kuna biashara, na mara nyingi biashara hiyo ni mtu mmoja. Yeye ndiye mshauri, ndiye karani, ndiye mhasibu, na ndiye anayefagia chumba na kuweka boksi la tishu mezani kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi.

Mimi ni mmoja wao, na ninachotaka kusema ni kwamba kazi hii haitadumu ikiwa kila mwenye kituo ataendelea kujifungia kwake. Tumejaribu makongamano ya hotelini, tumejaribu makundi ya simu yenye mamia ya watu. Kilichobaki ni kile ambacho akina mama wa Kenya wamekijua kwa vizazi: chama. Watu wachache wa mji mmoja, wenye siku yao ya kukutana, wanaochanga, na wanaoaminiana kiasi cha kufunguliana daftari la hesabu.

Muuza mitumba wa soko la Gikomba hana upweke huu wetu. Bei ya robota anaisikia alfajiri kutoka kwa jirani. Mteja msumbufu akimtoka, anasimulia kisa chote hapo hapo na kibanda kizima kinaangua kicheko, shughuli ikaendelea. Mshauri nasaha hawezi. Aliyoyasikia saa nne asubuhi atakaa nayo mchana kutwa, atayabeba kwenye matatu jioni, na mwenzake nyumbani akimuuliza siku imekuwaje, atajibu "nzuri tu". Siri ndiyo inayomfanya mteja afungue kinywa, na siri hiyo hiyo ndiyo inayokifunga kinywa chetu. Hakuna kanuni inayotukataza kuzungumzia kodi ya chumba, lakini mtu aliyezoea kunyamaza huishia kunyamazia kila kitu, hata deni la mwenye nyumba.

Hebu tuingie chumbani. Ofisi nyingi za bei nafuu mjini zimegawanywa kwa kuta za jipsamu. Upande wa pili, tuseme, kuna saluni. Mashine ya kukausha nywele ikiwaka, mteja wako analazimika kupaza sauti. Ikizimwa ghafla, neno lililokuwa linatoka kinywani mwake linabaki limening'inia, na nyote wawili mnajua kwamba walio upande wa pili wamelisikia. Mwenye uzoefu huweka redio ndogo kwenye korido, karibu na viti vya kungojea, ikizungumza polepole siku nzima. Huhamisha kiti cha mteja mbali na ukuta wa pamoja, na kwenye ukuta huo husimamisha kabati lililojaa vitabu. Ni mambo ya gharama ndogo, lakini anayeyajua ameyajua baada ya mteja fulani kukatiza sentensi yake na kutorudi tena.

Au chukua malipo. Mteja akilipa kwa nambari ya Lipa na M-Pesa, ujumbe unaoingia kwenye simu yake hutaja jina la biashara iliyolipwa. Sasa fikiria mama aliyekuja kwa siri kuzungumza juu ya kipigo anachopata nyumbani, na simu yake huachwa mezani ambapo kila mtu huisoma. Ikiwa jina lililosajiliwa lina maneno "ushauri wa ndoa", shilingi mia chache za malipo ya awali zinaweza kumfikisha pabaya. Ndiyo maana wapo washauri wanaosajili jina lisilosema lolote, la mti au la mlima, na kumwambia mteja mapema jina litakalotokea. Hili mimi nilidokezewa na mwenzangu tukinywa chai, kabla sijajaza fomu. Mwalimu hakulitaja darasani wala silikumbuki katika kitabu chochote nilichosoma. Lilikuwa mdomoni mwa mtu aliyetangulia, na bila kikombe kile cha chai lingebaki huko huko.

Biashara yetu imejaa maarifa ya aina hii. Kila anayeyagundua peke yake huyalipia, na mara nyingi bili humwangukia mteja.

Kwa nini tuko hivi, hodari wa kusikiliza na wageni katika uendeshaji wa kituo? Jibu liko katika njia ambayo taaluma ilipitia. Amani Counselling Centre ilifunguliwa Nairobi mwaka 1979. Chama cha kitaifa cha washauri kilizaliwa mwaka 1990. Kisha yakaja majanga. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, likaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu, baadhi yao macho yakiwa yameumizwa na vioo. Nchi ikaanza kuzungumza hadharani juu ya kiwewe, na washauri wakaitwa. Ukimwi nao ukaleta vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, VCT, vilivyoenea tangu mapema miaka ya 2000, na ndani ya kila kituo aliketi mshauri, mara nyingi aliyefunzwa kwa pesa za mfadhili. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikawaita tena. Shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 likawaita. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 walikufa, wengi wao wanafunzi, likawaita.

Ninawaheshimu sana waliotoka majumbani kwao siku zile, wengine bila hata nauli, wakaketi na wafiwa nje ya mochari. Walijenga jina tunalolitumia leo. Lakini pamoja na jina hilo tulirithi mazoea: kwamba ushauri nasaha ni huduma ya dharura, ni ya kujitolea, na wa kulipa ni mtu mwingine asiyekuwapo chumbani. Miradi ilipofungwa, washauri wakatoka na vyeti vyao, wakakodi vyumba, wakapaka rangi, na ndipo kila mmoja akagundua kivyake kwamba hakuwahi kufundishwa namna ya kumwambia mtu anayelia kwamba saa imekwisha na malipo ni kiasi fulani.

Serikali nayo imesogea. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014 na kuleta Bodi ya kusajili na kusimamia wenye taaluma. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho mwaka 2022. Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Hatua zote hizi ni njema, na ya mwisho ilipaswa kuja zamani. Zinawapa watu ruhusa ya kutafuta msaada, na wengi wao watafuata vibao vile vya Ngara na Nakuru. Swali langu ni watamkuta nani nyuma ya mlango: mshauri aliyetulia, au mtu aliyekesha akipiga hesabu ya namna ya kumlipa mwenye nyumba mwezi wa Januari, wakati wateja wamekwenda kulipa karo?

Januari inastahili kutajwa kwa jina lake. Mwenye kituo anaijua. Desemba watu husafiri mashambani, Januari pesa huishia shuleni, na ushauri nasaha ni kitu cha kwanza ambacho familia hupunguza. Asiyejua hudhani amefanya vibaya, kwamba wateja wamemkimbia. Hujilaumu, hushusha bei kwa hofu, na Machi wanaporudi hawezi kuipandisha. Angekuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia Novemba, "Weka akiba, miezi miwili ijayo huwa mikavu kwetu sote," asingeumia.

Bei ndipo aibu yetu ilipojificha. "Daktari, si tunaongea tu?" Kila mmoja wetu ameulizwa swali hilo, na wengi hatuna jibu lililonyooka. Mchungaji hushauri bure, imamu hushauri bure, shangazi hushauri bure na kukupikia chai juu yake. Siwalaumu; wanabeba mzigo mkubwa ambao sisi hatungeuweza peke yetu. Lakini mchungaji ana sadaka ya Jumapili nyuma yake, na shangazi ana nyumba yake. Sisi tuna mkataba wa pango.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme kodi ya chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi na mshauri ana vikao 40 vya kulipwa. Kila kikao kimeshabeba shilingi 750 za kodi kabla ya kitu kingine chochote. Wateja wanane wasipotokea, vikao vinabaki 32, na mzigo wa kodi unapanda hadi karibu shilingi 940 kwa kikao. Bado umeme, intaneti, leseni, ushuru, malipo ya mtaalamu anayekusimamia, na saa za kuandika kumbukumbu ambazo hakuna anayezilipia. Nimekutana na washauri wenye shahada ya uzamili ambao hawajawahi kuandika hesabu hii kwenye karatasi. Si kwamba hawajui kujumlisha. Wanaogopa jumla itakayotoka, na hawana mtu wa kuitazama pamoja naye.

Hapa tahadhari inahitajika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inawakataza washindani kukaa pamoja na kupanga bei, na washauri wenye vituo binafsi ni washindani kama wauzaji wengine. Kwa hiyo chama ninachokizungumzia hakipangi bei. Kinachofanyika mezani ni kila mtu kuelewa gharama zake mwenyewe, aelezwe na wenzake pale anapojidanganya, kisha aende akaamue bei yake, awe na kiwango cha chini kwa wasio na uwezo, na ajue ni wateja wangapi wa kiwango hicho kituo kinaweza kuwabeba bila kuzama.

Watu wa taaluma yetu waliwahi kujaribu kukutana namna hii mapema sana. Mwaka 1902, mjini Vienna, Sigmund Freud aliwaalika madaktari wanne, Alfred Adler, Max Kahane, Rudolf Reitler na Wilhelm Stekel, wakutane kwenye chumba cha kungojea wagonjwa nyumbani kwake, Berggasse 19, kila Jumatano jioni. Hawa hawakuwa maprofesa wenye mishahara minono. Walikuwa madaktari waliokula kwa jasho la wagonjwa wao. Mmoja alisoma mada, kahawa na keki zikapita, kisha majina yakatolewa kwenye chombo kwa bahati nasibu na kila aliyetajwa akapaswa kusema. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa kimya na kusikiliza tu. Ninaipenda kanuni ile, kwa sababu katika kikundi cha washauri wapo mabingwa wa kutikisa kichwa na kuuliza "na wewe uliona vipi?" bila wao wenyewe kutoa chochote.

Lakini kikundi kile kilikua, kikabadilika kuwa jumuiya rasmi mwaka 1908, ulazima wa kusema ukaondolewa, na ugomvi ukazidi. Mwaka 1911 Adler akaondoka, Stekel akafuata mwaka uliofuata. Wanahistoria wana maelezo mengi kuhusu nadharia walizobishania. Mimi naona jambo la kawaida zaidi: kiti kimoja kilikuwa juu ya vingine. Nyumba ilikuwa ya Freud, wageni walikuwa wa Freud, na aliyetofautiana naye alitofautiana na mwenye nyumba. Chama chochote cha washauri kitakachokutana daima kwenye kituo cha mkubwa mmoja, kikimtegemea yeye awatumie wateja, kitafika huko huko.

Miaka ya 1950, London, mchanganuzi wa nafsi Michael Balint na mkewe Enid walikuja na sura nyingine. Waliwakusanya madaktari wa kawaida wa mitaani kila wiki. Daktari mmoja alisimulia juu ya mgonjwa aliyekuwa akimsumbua, bila faili mkononi, na wenzake wakajaribu kuelewa kilichokuwa kikitokea kati ya wawili wale. Balint aliandika kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1957, na makundi ya namna hiyo yangalipo katika nchi nyingi, yakiitwa kwa jina lake. Uzuri wake ni kwamba daktari hakwenda pale kupewa jibu. Alikwenda akiwa na mgonjwa mmoja kichwani na akarudi akimwona upya. Balint hakugusa suala la kodi ya chumba, maana madaktari wale wa Uingereza walikuwa na mfumo wa taifa unaowalipa. Sisi hatuna, kwa hiyo chama chetu lazima kishike yote mawili, mteja na mfuko.

Makundi ya simu nayo yana kazi yake. Ukitafuta chumba cha kukodi Kisumu au mtaalamu wa watoto wenye usonji Eldoret, kundi la watu 200 litakujibu kabla ya chakula cha mchana. Ninacholalamikia ni kile kinachotokea usiku, mtu akiwa amechoka, akaandika: "Wenzangu, nina mteja, mwanamke, miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi Kiambu, mume ni polisi, amejaribu kujidhuru mara mbili." Hakutaja jina, kwa hiyo anadhani amelinda siri. Kati ya watu 200 hao yupo aliyesoma na mwalimu huyo, au anayesali naye. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na hata kama sheria isingekuwapo, yule mwanamke alitukabidhi maisha yake, hakuyakabidhi kwa umati. Aliyeandika ujumbe ule si mtu mbaya. Alikuwa amebeba kitu kizito saa nne usiku na hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mlango huo ndio chama. Nakiona hivi: watu sita hadi wanane, kwa maana wakizidi hapo mtu anaweza kukosa mara tatu mfululizo bila kuulizwa. Wakutane mara mbili kwa mwezi, kwa zamu katika vituo vyao, ili kila mmoja aone chumba cha mwenzake, kuta zake na kabati lake la mafaili kama lina kufuli. Saa ya kwanza iwe ya kazi: kisa kimoja au viwili, vikiwa vimebadilishwa kiasi kwamba mteja mwenyewe akisikia hatajitambua. Saa ya pili iwe ya biashara: nani hajalipwa na kampuni iliyompa mkataba wa kushauri wafanyakazi wake, nani amepandishiwa kodi, mhasibu gani anaelewa biashara ndogo ya huduma. Katibu awepo, lakini yanayoandikwa yawe ya saa ya pili peke yake.

Na mchango uwepo. Kikundi kisichochanga hufa Februari. Kiasi kiwe kile ambacho mdogo wao anakiweza, na mfuko uwe na matumizi yaliyokubaliwa tangu mwanzo. Tumizi la kwanza ningependa liwe la kumlipa mtaalamu mwandamizi aje kuwasimamia pamoja kila baada ya muda, kwa sababu usimamizi wa mtu mmoja mmoja ni ghali na wengi huuacha kimyakimya pale pesa zinapopungua, yaani pale hasa wanapouhitaji. La pili ni wiki ya mapumziko. Mshauri aliyefiwa na mzazi anarudi kazini siku ya nne, macho yamevimba, aketi kumsikiliza mtu mwingine aliyefiwa, kwa sababu asipoketi hakuna pesa. Hilo halimtendei haki yeye wala mteja. Mfuko wa watu wanane unaweza kumlipia kodi ya mwezi mmoja, na wenzake wakapokea wateja wake wa dharura mpaka atakapopata nguvu.

Kuna jambo ambalo wengi hawapendi kulizungumza, nami nitalizungumza kwa kirefu. Ukifa leo, nani atawaambia wateja wako?

Swali hili si la kutisha watu. Mwenye kituo anayefanya kazi peke yake ana shajara yenye majina, simu yenye nywila, kabati lenye mafaili. Ajali ikimpata barabara ya Nakuru siku ya Jumapili, Jumatatu saa tatu atakuja mteja, atapanda ngazi, atakuta mlango umefungwa. Atapiga simu, itaita bila kupokelewa. Huenda ni mtu ambaye maisha yake yote watu wamekuwa wakimwacha bila kumuaga, na ndilo jambo alilokuwa akilizungumza chumbani mle kwa miezi. Baada ya wiki mbili ndugu za marehemu watafungua ofisi ili kurudisha chumba kwa mwenye nyumba. Watakuta mafaili. Watafanya nini? Watayasoma? Watayachoma? Watayaweka kwenye gunia na kuyapeleka nyumbani Murang'a, yakae darini pamoja na vitabu vya shule vya watoto? Ndugu hao hawana kosa lolote. Hakuna aliyewaambia.

Kila mshauri mwenye kituo anapaswa kuwa na wosia wa kazi: karatasi moja inayomtaja mwenzake atakayeshika funguo, mahali ilipo orodha ya wateja wa sasa, namna ya kuwaarifu, mafaili yahifadhiwe kwa muda gani na yaharibiwe vipi. Karatasi hiyo haina maana yoyote bila mtu wa kutajwa ndani yake. Mke au mume hafai, kwa sababu hana ruhusa ya kuyaona majina. Rafiki wa chuoni aliyehamia Doha hafai, yuko mbali. Anahitajika mtu wa taaluma, wa mji huo huo, anayejua ngazi za jengo lako na jina la mlinzi wa getini. Chama kikikosa kufanya lolote lingine, kikamaliza mkutano wake wa pili kila mmoja akiwa na jina la mshika funguo wake, kitakuwa kimeshafanya kazi kubwa.

Nimesikia pingamizi. La kwanza ni kwamba tutaibiana wateja. Nalielewa, hasa kutoka kwa wenzetu wa miji midogo, Kitui au Busia, ambako wanaolipa ni wachache. Lakini miji midogo ndiyo inayohitaji mpango huu zaidi. Mke amekuwa akija kwako tangu Machi. Juni mumewe anapiga simu, hajui kwamba mkewe ni mteja wako, naye anataka kuja. Huwezi kumpokea, na huwezi kumwambia sababu. Unahitaji jina la mwenzako wa kumtajia papo hapo, kwa sauti ya kawaida, mtu ambaye unajua kazi yake kwa sababu umeisikia ikijadiliwa mara nyingi. Mteja huyo hukumpoteza. Hakuwa wako tangu mwanzo. Na wiki ijayo mwenzako atakabiliwa na jambo hilo hilo akiwa upande wa pili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na silitupi. Watu wanane wanaopendana wanaweza kufichiana uchafu. Mmoja akianza uhusiano wa kimapenzi na mteja, au akitoza pesa kwa vikao ambavyo havikufanyika, wenzake waliokula naye na waliomzikia mama yake watasitasita. Tumeyaona haya katika taaluma zenye historia ndefu kuliko yetu. Kwa hiyo katiba ya chama, hata ikiwa ukurasa mmoja, iseme wazi kabla watu hawajazoeana: siri ya mteja tunailinda, kosa dhidi ya mteja hatulilindi. Anayejua na atoe taarifa kwa Bodi. Iandikwe, isomwe kwa sauti, kila mtu atie sahihi siku ya kwanza. Chama kinachoona haya kuandika sentensi hiyo ni afadhali kisianze.

Bodi nayo, pamoja na vyama vya kitaifa, wanaweza kusaidia kwa jambo moja rahisi: wazihesabu saa za vikundi hivi, vikiwa vimesajiliwa na vina msimamizi, katika masomo ya kujiendeleza ambayo mshauri anatakiwa kuyaonyesha. Leo ni rahisi zaidi kupata cheti kwa kuketi ukumbini na watu mia tatu ukisikiliza hotuba kuliko kwa kuketi na watu saba wanaokuuliza kwa nini unaendelea kumpokea mteja uliyeshindwa kumsaidia. Vyuo navyo viweke somo la uendeshaji wa kituo katika mwaka wa mwisho, lifundishwe na mtu aliyewahi kulipa kodi ya chumba kwa pesa za vikao.

Lakini hatuhitaji kungoja Bodi wala chuo. Wako watu watano au sita unaowafahamu mjini kwenu, mliosoma pamoja au mliowahi kupelekeana mteja. Wapigie wiki hii, mkutane Jumamosi asubuhi kwenye chumba chochote chenye viti vya kutosha, na kila mmoja aje na stakabadhi yake ya kodi ya mwezi huu, orodha ya matumizi, na nakala ya ufunguo wa kabati lake la mafaili.